Mdogo wangu yuko gerezani mara ya tatu: mwanasaikolojia atambadilishaje kwa maneno?

Swali: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na amehukumiwa kifungo cha miaka minne kwa unyang'anyi. Hii ni mara yake ya tatu kuingia gerezani. Safari hii tumeambiwa atafanyiwa tathmini na mwanasaikolojia, kisha aingizwe kwenye programu ya miezi kadhaa. Mama ana matumaini makubwa. Mimi nina mashaka. Mtu mzima aliyeshindikana kwa viboko, kwa mawaidha na kwa jela mara mbili, atabadilishwaje kwa maneno? Na sisi nyumbani tuna kazi yoyote ya kufanya?

Jibu: Dada, pole kwa mzigo huo, maana kifungo cha mtu mmoja hutumikiwa na nyumba nzima. Mashaka yako yana msingi. Zipo programu za kisaikolojia zinazopunguza uhalifu, zipo zisizobadilisha chochote, na zipo ambazo zilipopimwa zilikutwa zimewaacha washiriki wakiwa wabaya zaidi ya walivyoingia. Yanayozitofautisha ni mambo machache, na hata ndugu wa mfungwa anaweza kuyaulizia.

Tuanze na mawaidha. Mdogo wako ameyasikia tangu utotoni, na huenda anayakariri vizuri kuliko wanaoyatoa. Anajua kabisa kwamba kunyang'anya ni kosa. Swali la mwanasaikolojia ni jingine: mtu huyu, akiwa anajua hivyo, hufikaje hadi kumshikia mwenzake kisu? Anapita njia gani, na ni wapi kwenye njia hiyo angeweza kugeuka?

Taaluma yenyewe ilichelewa kulifikia swali hili. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Martinson, alichapisha makala iliyotokana na mapitio ya tafiti 231 za urekebishaji wa wafungwa, na wengi wakaondoka na ujumbe mmoja tu: hakuna kinachofaa. Mwaka 1979 Martinson mwenyewe alirudi nyuma na kukiri kwamba zipo programu zinazosaidia, lakini ile kauli ya kwanza ilikuwa imeshaota mizizi. Jibu lililosimama lilitoka Kanada. Mwaka 1990 Donald Andrews, James Bonta na Robert Hoge waliweka kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo uti wa mgongo wa kazi hii: hatari, mahitaji na mwitikio.

Hatari maana yake ni kwamba uzito wa programu ulingane na uwezekano wa mtu kurudia kosa. Inaonekana jambo dogo, kumbe hapa ndipo wengi huharibu. Utafiti uliofanyika Ohio, Marekani, ukatolewa mwaka 2002, uliona kwamba watu wenye hatari ndogo walipoingizwa kwenye programu nzito za kulala hukohuko walirudia makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa. Sababu inaeleweka: mtu wa aina hiyo anang'olewa kwenye kazi, familia na marafiki wema, yaani vitu vilevile vilivyokuwa vinamshikilia, kisha anakalishwa miezi na watu waliokubuhu. Mdogo wako, kwa vifungo vitatu, huenda yuko upande wa pili. Mtu wa namna yake ndiye anayefaidika na programu ndefu na nzito.

Mahitaji ni yale yanayosukuma uhalifu wake. Tathmini mliyoambiwa itamhoji kwa saa moja hadi mbili au zaidi, lakini mahojiano peke yake hayatoshi. Mtathmini mzuri husoma jalada la kesi, kumbukumbu za gerezani, na mara nyingine hupiga simu nyumbani. Akiwapigia, mwambieni ukweli mkavu, pamoja na yale mnayoona aibu kuyasema. Kipimo kimoja kinachotumika sana, LSI-R, kina vipengele 54. Baadhi havibadiliki, kama idadi ya kesi za nyuma na umri aliokamatwa mara ya kwanza. Hivyo husaidia kukisia hatari, ila hakuna tiba ya kufuta jana. Vinavyofanyiwa kazi ni vile vinavyobadilika: mawazo yanayohalalisha uhalifu, marafiki wahalifu, papara na kushindwa kujizuia, pombe na dawa za kulevya, mahusiano ya nyumbani, kazi au elimu, na jinsi anavyotumia muda wake wa bure.

Huoni humo kujiamini wala huzuni. Watu wengi hudhani mhalifu ni mtu asiyejipenda, kwa hiyo akijengwa kujithamini atatulia. Matokeo ya tafiti hayaungi mkono dhana hiyo. Ukimwongezea mtu kujiamini bila kugusa mawazo yake juu ya uhalifu, unaweza kupata mnyang'anyi anayejiamini. Huzuni, hofu na makovu ya utotoni yatibiwe, kwa sababu ni mateso, na pia kwa sababu mtu asiyelala usiku hawezi kujifunza mchana. Hayo yanaingia kwenye kanuni ya tatu, mwitikio: fundisha kwa namna ambayo mtu huyu anaweza kupokea. Asiyejua kusoma vizuri apewe michoro badala ya karatasi za kujaza. Mwenye sonona atibiwe sonona kwanza. Na kwa jumla, watu hawa hujifunza kwa kutenda na kurudiarudia zaidi kuliko kwa kusikiliza.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba chenyewe, maana ndiko kwenye jibu la swali lako. Kundi la kawaida lina watu 8 hadi 10 na wawezeshaji wawili, wanakaa kama saa mbili, mara mbili au tatu kwa wiki. Mmoja anaombwa aeleze kosa lake. Toleo la kwanza karibu kila mara huwa fupi: "Nilikuwa nimelewa, nikajikuta nimefanya." Au, "Shetani alinipitia." Mwezeshaji habishani naye wala hamwambii anadanganya. Anauliza tu: kabla ya kujikuta, ulikuwa wapi?

Kisha siku ile inaandikwa ubaoni saa kwa saa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni: saa 4 asubuhi amekosa kibarua alichoahidiwa. Saa 5 yuko peke yake, anajiambia, "Watu kama mimi hatuna njia halali." Kifua kimembana. Saa 7 anampigia rafiki wa zamani, ambaye mara zote wakikutana huishia pabaya, na analijua hilo. Saa 9 wanakunywa. Saa 12 jioni linatajwa deni, na mwenzake anasema anajua barabara ambayo watu hupita na simu nzuri. Saa 2 usiku wako barabarani. Saa 2 na nusu mtu anapita.

Kila pete ya mnyororo huo ina tukio, wazo, hisia ya mwilini na tendo. Mwenye kosa anaulizwa: ni wapi ulikuwa bado unaweza kutoka kwa gharama ndogo? Wengi huonyesha pale mwisho, kwamba wangemwacha yule mtu apite. Lakini saa 2 na nusu usiku, akiwa amelewa, ana deni na mwenzake anamtazama, kutoka kuna gharama kubwa mno. Saa 7 mchana gharama ilikuwa kutopiga simu. Mtu akiliona hilo kwa siku yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kitu fulani hulegea. Neno "nikajikuta" linaanza kumwishia utamu.

Na yale maneno mafupi nayo yanachambuliwa. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walieleza njia tano ambazo watu hutumia kujisafisha kabla na baada ya kosa: kukana wajibu (nililewa, nilisukumwa), kukana madhara (tajiri yule hatapungukiwa), kumkana aliyeumizwa (alijitakia), kuwageuzia kibao wanaolaumu (wakubwa ndio wezi hasa), na kusingizia utiifu kwa wenzake (nisingeweza kumtupa rafiki). Kundi hujifunza kuyatambua maneno haya yakitoka midomoni mwao, na mara nyingi mfungwa mwenzake huyanasa haraka kuliko mwanasaikolojia.

Baada ya kuiona pete ya kuvunjia, huja mazoezi, na hapo ndipo muda mwingi hutumika. Mwenzake anaigiza yule rafiki wa zamani kwenye simu. Jaribio la kwanza, mfungwa anajibu, "Leo siwezi, labda kesho." Mwezeshaji anasimamisha: umefanya vizuri kukataa, lakini umeacha mlango wazi, atapiga kesho. Jaribio la pili: "Hapana kaka, mambo ya usiku nimeacha." Safi. Sasa rafiki anaongeza shinikizo, anamcheka, anamkumbusha fadhila za zamani, anamwita mwoga. Anarudia mara tano, mara nane, hadi jibu litoke bila kutafutwa. Halafu anapewa daftari lenye safu nne, zile nne za mnyororo, akajaze mambo yatakayomkera bwenini hadi kipindi kijacho: foleni ya chakula, askari aliyemfokea, ndugu aliyeahidi kuja asije. Gereza lina uchungu wa kutosha wa kujifunzia.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba habadilishwi kwa maneno. Anabadilika kwa mazoezi, kama mtu anavyojifunza kuendesha gari, na ndiyo maana saa zinahesabiwa. Utafiti wa Kanada kuhusu kipimo cha programu ulionyesha kwamba saa 100 zinaweza kumtosha mtu mwenye hatari ya wastani, saa 200 zinahitajika kwa mwenye hatari kubwa au mahitaji mengi, na mwenye vyote viwili anaweza kuhitaji 300 au zaidi. Piga hesabu: vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki ni saa 4, kwa hiyo saa 200 ni wiki 50. Mkisikia kwamba programu yake ni ya wiki sita, ujue hiyo ni utangulizi, na mna haki ya kuuliza itafuatiwa na nini. Ulizeni pia kama itakamilika kabla hajatoka. Wanaoanza programu wakaiacha katikati hurudia makosa zaidi kuliko wanaoimaliza. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wanaoacha huwa ndio wenye hatari kubwa tangu mwanzo, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwashikilia. Mara nyingi mtu huacha kwa mambo ya kawaida kabisa, kama kuhamishwa gereza ghafla, zamu ya kazi kugongana na kipindi, au kuona aibu kwa sababu hajui kusoma.

Matokeo yake ni makubwa kiasi gani? Mwaka 2005 Nana Landenberger na Mark Lipsey waliunganisha tafiti 58 za programu za aina hii, zinazofanya kazi kwenye fikra na tabia. Kwa wastani, pale ambapo watu 40 kati ya 100 wasiopata programu walirudia makosa, waliopata walikuwa 30. Kumi pungufu. Wanaotarajia muujiza wataona ni kidogo, lakini kila mmoja wa hao kumi ana watu ambao hawakunyang'anywa. Mapitio mengine ya mwaka 2021, ya majaribio 29 yaliyofanyika magerezani kwa kugawa washiriki kwa bahati nasibu, yalitoa matokeo ya tahadhari zaidi: tafiti ndogo zilipoondolewa kwenye hesabu, nafuu ilififia sana. Naichukulia tahadhari hiyo kwa uzito. Kwa maoni yangu, inatuambia kwamba programu inayoishia kwenye lango la gereza hujenga nusu ya daraja. Programu zilezile zikifanyika mtaani, au zikiendelea baada ya kutoka, kwa kawaida huzaa zaidi.

Yapo pia makosa ya kujifunza. Kuanzia miaka ya 1970 katika gereza la Rahway, New Jersey, vijana walipelekwa kukutana na wafungwa wa maisha ili watishwe. Watu waliipenda sana njia hiyo, ikaigwa sehemu nyingi. Programu za vitisho za aina hiyo zilipopimwa kwa majaribio ya kweli, vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi ya wasiopelekwa. Woga huisha, na kilichobaki ni sifa ya kuvumilia kutishwa. Kosa la pili linatuuma zaidi sisi wa taaluma hii. Uingereza ilitumia kwa miaka mingi programu kubwa ya magerezani kwa wafungwa wa makosa ya ngono. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kwamba asilimia 10 ya walioipitia walirudia makosa ya ngono, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao wanaofanana nao ambao hawakuipitia. Programu ikasimamishwa mwaka huohuo. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa ni kwamba kusimuliana makosa ndani ya kundi kunaweza kuyafanya yaonekane ya kawaida. Nia njema haitoshi. Kila programu ipimwe, na isipofaa iachwe.

Kuna mahali ambapo mazungumzo hayafiki. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2002, yenye tafiti 62 kutoka nchi 12, yalikuta kwamba karibu wanaume 4 kati ya 100 walio gerezani wana ugonjwa mkali wa akili wa kupoteza uhalisia, na 10 kati ya 100 wana sonona kubwa. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari na dawa kabla ya kundi lolote. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinataka huduma ya afya ya gerezani iwe na utaalamu wa saikolojia na wa magonjwa ya akili. Kama mdogo wako anasikia sauti, ana hofu isiyo na sababu, au amewahi kujaribu kujiua, liandikeni na mlifikishe kwa maandishi.

Sasa nyumbani. Kwanza, jueni kwamba mwanasaikolojia wa gereza hana siri kamili. Mpango wa kutoroka, tishio la kumdhuru mtu au habari za mtoto anayeumizwa lazima azitoe, na ripoti yake huweza kusomwa na wanaoamua juu ya kuachiwa mapema. Mfungwa analijua hilo, kwa hiyo wengine hujifunza kuongea lugha ya programu vizuri sana. Ndiyo maana mtaalamu makini hategemei machozi. Mtu anaweza kulia na kurudi palepale, na mwingine akabaki mkavu akaacha kabisa. Anaangalia mwenendo wa wiki nyingi: ugomvi umepungua? daftari limejazwa? anakaa na nani uwanjani? Mkienda kumtembelea, angalieni hayo pia. Badala ya "Umebadilika kweli?", muulize, "Wiki hii nini kilikukera, na ulifanya nini?" Swali hilo linaweza kujibiwa kwa ukweli.

Pili, tenganisheni aibu na hatia. Utafiti wa June Tangney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia watu baada ya kutoka mahabusu nchini Marekani. Waliohisi hatia juu ya tendo lao walielekea kurudia makosa kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Waliojaa aibu juu ya nafsi zao walielekea kutupia lawama wengine, na waliotupa lawama ndio waliorudia. Kwa hiyo "umetuaibisha, wewe ni jambazi tu" inamsukuma kwenye kujitetea. "Yule mama uliyemnyang'anya alikuwa na hofu, na sasa haendi popote jioni" inamweka mbele ya alichokifanya, na bado inamwachia nafasi ya kuwa mtu mwingine.

Tatu, siku za kwanza. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa ilikuwa takriban mara 13 ya watu wengine, na kuzidisha dawa za kulevya ndiko kuliongoza. Kama aliwahi kutumia, mwili wake umeshapoteza ustahimilivu: kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Mwambieni waziwazi kabla hajatoka.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, kaeni na mama, na ikiwezekana na mwanasaikolojia, mpange yafuatayo kwa majina na saa. Nani atakuwa langoni, maana akikosekana ndugu, rafiki wa zamani atakuwepo. Atalala wapi usiku wa kwanza. Vitambulisho vyake viko wapi. Kipindi cha kwanza cha ufuatiliaji ni lini, na atafikaje. Asubuhi atakuwa na shughuli gani, hata iwe ndogo, kwa sababu mnyororo wake unaanzia kwenye saa tupu. Wekeni na mipaka: mambo gani hayataruhusiwa nyumbani, na yakitokea mtafanya nini. Mipaka isemwe mapema, kwa upole, na isibadilike kila mama akilia.

Halafu mwombe akuonyeshe mnyororo wake. Programu nyingi humwandalia mshiriki karatasi moja yenye dalili zake za hatari na watu wa kuwapigia. Ulizia namba yako iko ya ngapi kwenye karatasi hiyo, na mjaribu pamoja, chumba cha wageni hapohapo: yeye aseme atakavyosema siku amekosa kibarua saa 4 asubuhi, na wewe ujizoeze utakavyomjibu.